Maisha ya Bwana Edwin Land na Kamera Yake

Wanafunzi wa chama chetu cha picha wameniuliza shule inunue kamera gani, wakiitaka ile ambayo picha yake hutoka papo hapo. Kabla ya kuwajibu, naona ni vema niwasimulie habari za mtu aliyeianzisha.

Edwin Land alizaliwa tarehe 7 Mei 1909 katika mji wa Bridgeport, Marekani. Tangu utoto alipenda mambo ya nuru. Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, lakini aliondoka kabla ya kumaliza, akaenda New York. Huko alisoma katika maktaba ya mji, na usiku alijipenyeza katika maabara ya chuo kingine afanye majaribio yake. (Wanafunzi wasilichukue jambo hili kuwa ruhusa.) Alivumbua utando mwembamba unaochuja nuru na kuondoa mng'ao unaoumiza macho, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid.

Mwaka 1943, akiwa mapumzikoni Santa Fe, alimpiga picha binti yake wa miaka mitatu. Mtoto akataka kujua kwa nini asiione picha ile mara moja. Wazazi wengi tungemwambia anyamaze. Bwana Land alitoka akatembea peke yake, na kwa muda wa saa moja hivi alikuwa amekwisha kupanga sehemu kubwa ya kazi kichwani. Siku zile filamu ilisafishwa katika chumba cha giza. Yeye alitaka chumba hicho kiwe ndani ya kamera yenyewe. Basi kila picha ikawekewa kifuko kidogo cha dawa. Karatasi ikipita katikati ya vyuma viwili vinavyozunguka, kifuko hupasuka, dawa ikatandaa, na picha ikajisafisha. Mwezi Novemba 1948 kamera za kwanza ziliuzwa Boston kwa karibu dola 90 kila moja, zikaisha siku ile ile. Picha za rangi zilifuata mwaka 1963.

Sasa nafika pasipopendeza, ambapo wasifuji wake hupita upesi. Kampuni ilitengeneza pia mtambo wa kupiga picha za vitambulisho, na huko Afrika Kusini picha hizo zilitiwa katika pasi ambazo makaburu waliwalazimisha Waafrika kuzichukua kila waendako. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo, wakawataka watu wasinunue bidhaa za Polaroid. Bibi Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni iliahidi kutoiuzia serikali ile, lakini mwaka 1977 ikajulikana kwamba wakala wake alikuwa akiiuzia kwa siri, ndipo ikaondoka. Wengi waliokimbia utawala ule walipokewa hapa kwetu, Kongwa na baadaye Mazimbu. Kwa maoni yangu, ushindi ule ulikuwa wa wafanyakazi wale wawili kuliko wa mkubwa wao.

Bwana Land aliacha uongozi wa kampuni, akafariki tarehe 1 Machi 1991. Mwaka 2008 Polaroid iliacha kutengeneza filamu, lakini watu wachache walikiokoa kiwanda cha Uholanzi, na leo filamu yenye jina hilo inapatikana tena. Fujifilm ya Japani nayo hutengeneza Instax.

Kwa chama chetu nachagua Instax. Pakiti yake ina picha 10, ya Polaroid ina 8, tena kila picha ya Polaroid ni ghali zaidi. Pia filamu ya Polaroid hutaka joto la nyuzi 13 hadi 28, nasi tunalijua jua la Mpanda mwezi wa Oktoba. Joto likizidi, picha hugeuka rangi ya manjano. Filamu yoyote isiachwe juani wala ndani ya gari. Picha ikitoka isitikiswe. Iwekwe kivulini, ingojewe.

Na kwa kuwa kila picha ni moja tu, chama kikienda Karema au Inyonga kupiga picha za wazee, karatasi ya kwanza apewe mzee mwenyewe. Ya pili ndiyo iletwe shuleni, akikubali.