Mzee Ojwang' Alituchekesha Miaka Yote, na Kumbe Hakuwa Mjaluo

Kama ulikulia Thika ama Ruiru kabla kila keja iwe na intaneti, lazima unamkumbuka Mzee Ojwang' Hatari wa Vitimbi. Kwa shosho yangu Makongeni, Thika, TV ilikuwa moja na stesheni ilikuwa KBC. Ojwang' akitokea, hata watoto wa jirani waliokuwa wamekosana walikaa kiti kimoja.

Juzi nikitoka Thika kurudi Ruiru, jam ikashika, nikafungua Vitimbi kwa simu. Wueh, nilicheka peke yangu kwa mat! Lakini sasa ni mtu mzima, na kuna kitu sikuwa nimeona nikiwa mtoi.

Jina lake la ukweli lilikuwa Benson Wanjau. Ndio, Mkikuyu. Ile lafudhi ya Kijaluo ilikuwa kazi, na aliipiga miaka na mikaka hadi wasee wengi wakajua ametoka Nyanza. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ndiye alikuwa bibi yake wa kwa TV, na ugomvi wao ulifanana na wa wazazi wako na wangu.

Nikubali tu: shuleni nilikuwa naongea kama Ojwang' kumcheka boy Mjaluo tuliyekaa naye dawati moja. Nilidhani kichekesho ni lafudhi. Kumbe sivyo. Ukimwangalia leo, kinachochekesha ni yule buda mwenye maringo anayetaka kuonekana ndiye mkubwa wa nyumba, na kila mtu anamwona ndani. Huyo yuko kila kabila. Na hii ni Kenya ile ile ambayo 2007 na 2008 watu walifukuzwa kwao juu ya majina yao. Mkikuyu akaitwa Ojwang', na nchi nzima ikamkubali hivyo.

Lakini jina kubwa halikumaanisha doo kubwa. Macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi Wakenya wamchangie ndio atibiwe. Aliaga Julai 12, 2015, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kwa nimonia. Alikuwa na miaka 78.

So leo jioni cheki kipindi kimoja na watu wa kwenu. Na kama uliwahi kutumia sauti yake kumuumiza mtu, kama mimi, mtafute huyo mtu umsalimie. Mimi wangu bado namtafuta.