Fanon alikuwa tabibu kabla ya kuwa mwanamapinduzi

Katika vyuo vyetu, jina la Frantz Fanon hutajwa zaidi katika mihadhara ya siasa na fasihi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba huyu ndiye aliyeitetea haki ya mtawaliwa kushika silaha, na aghalabu mhadhara huishia hapo. Ni wachache wanaokumbushwa kwamba kazi aliyoisomea Fanon ilikuwa utabibu wa maradhi ya akili, na kwamba fikra zake nyingi alizichota wodini, miongoni mwa wagonjwa. Kwa maoni yangu, upande huo uliosahauliwa ndio unaotufaa zaidi hivi leo. Maradhi ya sonona yanazungumzwa waziwazi shuleni na vyuoni, na tiba zake nyingi zinatufikia zikiwa zimetungwa mbali, kwa lugha nyingine na kwa ajili ya watu wenye mila nyingine.

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichokuwa koloni la Ufaransa. Akiwa kijana alijiunga na majeshi ya Ufaransa Huru katika Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa na kutunukiwa nishani. Vita vilipokwisha alikwenda kusomea udaktari mjini Lyon. Huko ndiko alikokutana na jambo ambalo halikumtoka moyoni: vibarua kutoka Afrika Kaskazini waliofika hospitalini wakilalamika kwamba wanaumwa mwili mzima. Madaktari waliwapima, wasione jeraha wala uvimbe, wakakata shauri kwamba watu hawa ni wavivu na waongo.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1952, Fanon alilipinga shauri hilo. Alieleza kwamba daktari alikuwa amekwisha kumhukumu mgonjwa kabla hajamsikiliza. Mtu aliyeachana na jamaa zake, anayelala katika chumba duni na kudharauliwa kila apitapo, ana maumivu ya kweli, hata kama hayaonekani kwa vyombo vya hospitali. Leo wataalamu wengi hukubali kwamba katika jamii nyingi za ulimwengu mtu mwenye sonona huanza kwa kulalamikia kichwa, kifua au mgongo, wala si huzuni. Sisi wenyewe husema moyo unauma, au kichwa kimejaa mawazo.

Baada ya kuhitimu, Fanon alifanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles, daktari aliyekuwa amekimbia utawala wa Franco nchini Hispania. Tosquelles aliamini kwamba hospitali yenyewe yaweza kuwa mgonjwa, na kwamba haiponyi watu mpaka nayo itibiwe. Basi wagonjwa walishirikishwa katika mikutano, wakafanya kazi, wakaandika gazeti lao na kuandaa sherehe. Lengo lilikuwa kumrejesha mgonjwa katika maisha ya jamii kwa kumpa jamii ndogo ya kuishi nayo humo hospitalini.

Mnamo Novemba 1953 Fanon aliwasili katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria, iliyokuwa bado chini ya Ufaransa. Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akishirikiana na msaidizi wake, Jacques Azoulay, alianzisha yaleyale aliyojifunza Saint-Alban: mikutano, sherehe, filamu, gazeti na kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vyema. Wodi ikachangamka, na waliokuwa wamejifungia katika upweke wakaanza kuzungumza. Kwa wanaume Waislamu, mpango uleule uliambulia patupu. Mikutano iligeuka kimya kizito, kazi za mikono zikasusiwa, na wauguzi wakachoka.

Hapa ndipo tunapomwona Fanon tabibu. Ilikuwapo njia rahisi mbele yake, tena yenye baraka za wakubwa. Madaktari wa Algiers waliomfuata Antoine Porot walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba akili ya Mwalgeria ni pungufu kwa maumbile, na kwamba hana undani wa nafsi unaoweza kumfanya ajilaumu na kusononeka. Fanon angaliweza kuandika kwamba wagonjwa wake hawatibiki, na hakuna ambaye angalimsuta. Badala yake, yeye na Azoulay waliugeuzia mpango wao wenyewe lawama. Mwaka 1954 walichapisha makala wakieleza jinsi walivyoshindwa na kwa nini.

Sababu walizozitaja zinafaa kusomwa na kila mwalimu. Wagonjwa wengi walikuwa watu wa mashamba wasiojua kusoma wala kuandika. Gazeti la wodini lingewafaa nini? Kusuka ukili na majani, machoni pao, ilikuwa kazi ya wanawake. Sherehe zenye kwaya na michezo ya kuigiza ya Kizungu hazikuwa furaha yao. Zaidi ya hayo, daktari alisema nao kupitia kwa mkalimani, na Mwalgeria wa siku hizo alikuwa amezoea kumwona mkalimani mahakamani na katika ofisi za serikali. Mgonjwa aliyeletewa mkalimani alijiona kama mshtakiwa. Fanon na Azoulay walikiri kwamba walikuwa wameibeba siasa ya ukoloni hadi ndani ya tiba: Mwislamu ndiye aliyetakiwa kupiga hatua zote, ilhali daktari amesimama palepale.

Ndipo walipobadili mwendo. Walianza kujifunza jinsi watu hao walivyoishi kwao: nani huheshimiwa, wanaume hukutana wapi, hufurahi vipi. Wakafungua mkahawa wa Kialgeria hospitalini, mahali ambapo wanaume wangeketi na kuzungumza kama walivyozoea. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Akaletwa msimulizi wa hadithi za jadi. Hatua kwa hatua, waliokuwa wamenyamaza walianza kushiriki. Tiba ilikuwa ileile katika shabaha yake, yaani kumrejesha mtu miongoni mwa watu. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia shabaha hiyo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1956. Fanon na Charles Geronimi waliwapa wanawake Waislamu jaribio la kisaikolojia lililobuniwa Marekani, ambalo mgonjwa huonyeshwa picha na kutakiwa kutunga kisa juu yake. Wanawake hawa hawakutunga visa. Waliorodhesha tu vitu walivyoviona. Mtahini mwenye haraka angeandika kwamba hawana ubunifu. Lakini katika jaribio hilo imo kadi moja isiyo na picha yoyote, nao walipopewa kadi hiyo tupu walisimulia mengi. Ubunifu ulikuwapo tangu mwanzo. Picha za nyumba, mavazi na watu wa ulimwengu usiokuwa wao ndizo zilizoufunga mlango. Nawaomba walimu wanaotunga mitihani wautafakari mfano huo kwa makini.

Vita vya uhuru wa Algeria vilikuwa vimekwisha kuanza tarehe 1 Novemba 1954. Fanon aliwatibu walioteswa, na pia askari polisi waliokuwa wakitesa ambao sasa walikuwa wakiwapiga wake na watoto wao. Mwishoni mwa mwaka 1956 alijiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba haina maana kumponya mtu ili umrudishe katika maisha yaleyale yanayomvunja. Alifukuzwa Algeria mapema mwaka 1957, akahamia Tunis na kujiunga na wapigania uhuru. Huko aliendelea na utabibu, akaanzisha huduma iliyowawezesha wagonjwa kutibiwa mchana na kurudi nyumbani jioni badala ya kutengwa na jamaa zao. Mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria mjini Accra. Saratani ya damu ilimwua nchini Marekani tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na umri wa miaka 36, siku chache tu baada ya kitabu chake cha mwisho kutoka. Wasomaji wa Kiswahili walikipata kitabu hicho mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga.

Katika kitabu hicho imo habari inayotuhusu moja kwa moja. Fanon anamjibu daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimtumia kueleza Mau Mau kana kwamba ni ugonjwa wa akili. Tazama hoja zinavyofungamana: asiyekuwa na uwezo wa kuhuzunika kwa undani hawezi pia kuwa na malalamiko ya haki. Aliyemnyima Mwafrika sonona alikuwa akimnyima utu.

Simsifu Fanon kana kwamba alikuwa mtume. Hakuimudu lugha ya Kiarabu, na kwa hivyo hakuachana kabisa na mkalimani aliyemlaumu. Alitumia pia mishtuko ya umeme na tiba nyingine za zama zake. Lakini swali alilolianzisha limezaa matunda hata jirani na kwetu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, nchini Uganda. Watafiti hawakuanza na dodoso lililotafsiriwa. Kwanza waliwauliza wanavijiji ni mashaka gani yanayowasumbua na huyaitaje. Katika Luganda wakapata maneno mawili, yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Wakaona kwamba hali zinazotajwa na maneno hayo zinakaribiana sana na sonona ya vitabuni. Tiba ya mazungumzo ya vikundi ikapangwa kwa wiki 16, wanaume mbali na wanawake mbali, ikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Walioshiriki walipata nafuu kubwa kuliko wasioshiriki.

Sisi wanaisimu tuna wajibu hapa ambao hatujautimiza. Madodoso ya kupimia sonona yanatafsiriwa kwa Kiswahili kila siku, mara nyingi neno kwa neno, na mtafsiri huona kazi imekwisha pindi sentensi inapotimia kisarufi. Mwanafunzi akiulizwa kama amekuwa akijihisi yuko chini, ajibu nini? Atafikiri anaulizwa juu ya cheo, au kimo. Kiswahili kina sonona, kina majonzi, kina kujiinamia, kina moyo kuwa mzito na roho kukosa utulivu. Kila usemi una mipaka yake, na Kiswahili cha Lamu hakilingani na cha Eldoret. Na wapo wengi ambao maumivu yao ya ndani huyasema kwa Kikamba, Kidholuo au Kiturkana tu. Ni lazima mtu aende akawasikilize.

Walimu nao wana nafasi yao. Mtoto anayelalamikia tumbo kila Jumatatu, au anayenyamaza siku nzima darasani, haraka huitwa mvivu. Hilo ndilo shauri walilolikata madaktari wa Lyon. Kabla ya kumhukumu, mwalimu na aulize kwanza mtoto huyo anaishi vipi, na kama swali aliloulizwa lilikuwa katika lugha anayoitumia kusemea maumivu yake. Wanafunzi wanaosomea saikolojia na ushauri nasaha nao wamsome Fanon wa Blida sambamba na Fanon wa mapinduzi. Watamwona daktari kijana aliyeona mpango wake umekwama, akaenda kuwauliza wagonjwa jinsi walivyoishi.