Sidi Mubarak Bombay, Aliyekwenda Kairo

Toka Unguja mpaka Kairo kwa njia ya angani ni kilomita kama 4,100. Nimeupima umbali huo kwa uzi juu ya tufe la darasa letu la jiografia. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa huumaliza kwa saa tano na dakika chache. Sidi Mubarak Bombay aliumaliza kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na baadhi ya siku hizo zilipotelea huku kwetu.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Angali mtoto alikamatwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa India utumwani. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Unguja. Kule India alijifunza Kihindustani, na lugha hiyo ndiyo iliyomfaa, maana Bwana Speke, Mwingereza aliyetafuta chimbuko la mto Nile, hakujua Kiswahili. Walisafiri pamoja tangu 1857. Septemba 1860 wakaondoka Unguja mara ya pili, pamoja na Bwana Grant.

Januari 1861 waliingia Tabora. Toka hapo hadi Biharamulo ni kilomita 300 na ziada, ambazo ndege huzikata kwa muda usiofika nusu saa. Wao walifika Oktoba! Palikuwa na vita, wapagazi walikataa kwenda mbele, Speke aliugua, na watemi wa Uzinza walidai hongo. (Hongo ya siku zile haikuwa rushwa, bali ushuru wa kupita.)

Ndipo wakaingia Rusubi, katika pande hizi za wilaya za Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, ambaye Speke alimwandika Suwarora, hakukubali kuonana nao hata siku moja. Watu wake walipokea nguo, nyaya na shanga, kisha wakadai zaidi. Kila neno la Speke lilisemwa kwa Kihindustani, na Bombay akaligeuza kuwa Kiswahili. Vitabu vingi humsifu Speke kwa safari hii. Mimi naona bila mtu wa kusema na kubembeleza, angelirudi njiani.

Novemba waliachiwa. Wakapita Karagwe kwa Rumanika, wakapita Buganda, na Februari 1863 wakafika Gondokoro kwenye mto Nile. Wanaume waliofika Kairo pamoja na Bombay, katika msafara ule mkubwa, walikuwa 18 tu. Walirudishwa Unguja kwa meli kupitia Suez, Aden, Morisi na Shelisheli, mzunguko wa ajabu kweli.

Hakupumzika. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, na mwaka 1875 alifika bahari ya Atlantiki pamoja na Cameron. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni. Alifariki Oktoba 1885.