Sheikh Abdullah Saleh Farsy na mizani ya maneno

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika nyumba nyingi za huku Tengeru, kuanzia kando ya barabara ya Moshi hadi kwenye migomba ya miteremko ya Mlima Meru, hamkosi msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili. Miongoni mwa waliotufikishia neema hiyo ni Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Leo tunaeleza maisha yake kwa ufupi, pamoja na jambo linalomhusu kila asomaye tafsiri: kupambanua neno lililokusudiwa kama lilivyo, ambalo wanavyuoni huliita hakika, na lililokusudiwa kwa mfano, yaani majazi.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa zama hizo, akiwemo Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit, na papo hapo akapata mafunzo ya ualimu na kusomesha katika skuli za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1960 alikuwa Kadhi wa Zanzibar. Mwaka 1967 alihamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo.

Kazi yake kubwa, Qurani Takatifu, ilitolewa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969. Kabla yake zilikwisha kutoka tafsiri mbili kamili: ya kasisi Mwingereza Godfrey Dale, mwaka 1923, na ya Jumuiya ya Ahmadiyya, mwaka 1953. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya hii ya pili, na kiini chake kilikuwa hakika na majazi. Qurani inasimulia kuwa Nabii Isa (A.S.) aliumba umbo la ndege kwa udongo, akalipulizia, likawa ndege kwa idhini ya Allah, na kwamba Allah alimnyanyua kwake. Ahmadiyya walifasiri kuwa ndege ni watu walioinuliwa kiroho, na kunyanyuliwa ni kupandishwa daraja. Sheikh Farsy aliwapinga kwa kalamu yake, akishikamana na maana ya dhahiri kama walivyoipokea wanavyuoni waliotangulia.

Kanuni ya wanavyuoni ni kwamba asili ya maneno ni hakika. Halihamishwi neno kwenda kwenye majazi ila kwa dalili: iwe ndani ya maneno yenyewe, katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), au katika desturi ya lugha ya Waarabu. Muujiza kuwa mgumu kwa akili ya msomaji si dalili, kwani muujiza huitwa muujiza kwa sababu hiyo hasa.

Hata hivyo, mwenye kudhani kuwa hakuna majazi kabisa naye hukosea. Sahaba Adi bin Hatim (R.A.) alisikia aya ya saumu inayoruhusu kula mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi. Akaweka kamba mbili chini ya mto wake, nyeupe na nyeusi, akawa anazitazama usiku asizipambanue. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Dalili imo katika aya yenyewe, kwani imetaja alfajiri. Mkazi wa Tengeru akitazama upande wa Kilimanjaro asubuhi isiyo na mawingu, atauona mstari huo wa nuru ukitandaa juu ya giza.

Tena, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wake zake kuwa atakayemfuata mwanzo baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Bi Zainab bint Jahsh (R.A.) mwaka wa 20 Hijria, naye alikuwa mfupi wa umbo, wakatambua kuwa urefu ule ulikuwa wa kutoa sadaka. Kwetu sisi mwenye mkono mrefu ni mwizi, na bahili tunamwita mkono wa birika. Mfasiri asiyezijua lugha zote mbili angeweza kuigeuza sifa ikawa tusi. Ndiyo maana tafsiri inataka mwanachuoni wa dini aliye pia fundi wa Kiswahili, na Sheikh Farsy alikuwa hivyo.

Basi wazazi, mnaposoma tafsiri pamoja na watoto, someni na maelezo ya chini ya aya. Mkikuta neno linalotatiza, msikimbilie kusema ni mfano tu, wala msilifanyie kazi kabla ya kuuliza. Mwulizeni mwalimu wa madrasa kama alivyouliza Adi. Kuuliza kwake ndiko kulikosahihisha saumu yake.

Sheikh Farsy alifariki Oman mwaka 1982. Tunamwomba Allah amrehemu, aikubali kazi yake, na atujaalie fahamu sahihi ya Kitabu chake. Amin.