Sir John Charnley: Daktari aliyewinda bakteria hewani

SIR John Charnley anakumbukwa kama baba wa upasuaji wa kisasa wa kubadilisha nyonga. Wengi hawajui kwamba ufanisi wake ulitegemea pia vita vyake dhidi ya bakteria.

Alizaliwa Agosti 29, 1911 mjini Bury, kaskazini mwa Uingereza, na kuhitimu udaktari mjini Manchester mwaka wa 1935. Mnamo 1961, kituo chake cha upasuaji wa nyonga kilifunguliwa katika hospitali ya Wrightington.

Mwanzoni alitumia vikombe vya Teflon, ambavyo vililika haraka na kuwaletea wagonjwa maumivu upya. Novemba 1962 aligeukia polithini ngumu, nayo ikadumu.

Hata hivyo, takriban wagonjwa saba kati ya mia walipata maambukizi. Bakteria zikishajikita kwenye kiungo bandia, dawa huzifikia kwa shida. Mara nyingi kiungo kililazimika kung'olewa, naye mgonjwa akarejea kwenye magongo.

Charnley alishuku hewa ya chumba cha upasuaji. Ili kuthibitisha, sahani zenye chakula cha bakteria ziliachwa wazi humo, kisha zikahifadhiwa penye joto na vilivyoota vikahesabiwa. Alijenga kibanda ndani ya chumba hicho, akakipitishia hewa iliyochujwa, na kuwavisha wapasuaji mavazi yaliyofyonza pumzi zao. Kufikia miaka ya 1970, maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 1.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1977 na kufariki Agosti 5, 1982. Mwaka huo huo, utafiti uliohusisha zaidi ya operesheni 8,000 nchini Uingereza na Uswidi uliunga mkono hoja yake kuhusu hewa safi.

Tangu hapo mjadala umebadilika. Wagonjwa sasa hupewa antibiotiki kabla ya kupasuliwa, na mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mitambo maalumu ya hewa isitegemewe kuzuia maambukizi hayo.

Kilichosalia bila kupingwa ni desturi ya kutafuta ushahidi wa maabara. Kiungo bandia kinaposhukiwa, madaktari huchukua vipande kadhaa vya nyama kutoka sehemu mbalimbali na kuviotesha kwa siku nyingi. Kipande kimoja hakitoshi, kwani bakteria za kawaida za ngozi zinaweza kukichafua na kumfanya mgonjwa apasuliwe tena bila sababu.