Bruce Lee, mtu ambaye kila nchi ilimkata kwa mkasi wake

Hapa Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu, sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 wote tunamjua Bruce Lee. Alichorwa kwa rangi kwenye milango ya masale ya video, kifua wazi, misuli imekazwa sawa kamba za mtumbwi. Tulilipa pesa kidogo, tukaa kwenye mbao, jenereta inanguruma inje, na mwenye sale amesimama karibu na kaseti yake. Namna alivyopiga tuliijua kwa moyo. Lakini maisha yake, na vitu vilivyokatwa ndani ya filme zake mbele zifike kwetu, hatukujua kitu. Mimi nilikuja kujua nikiwa tayari baba wa watoto, delege wa sendika kwenye machimbo ya dhahabu, na iliniudhi sana.

Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka 1940, kule San Francisco, Marekani. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji wa opera ya Kichina, na siku zile alikuwa safarini na kundi lake. Wazazi walimwita Lee Jun-fan. Jina la Bruce alilipata hospitalini. Kisha miezi michache wakarudi naye Hong Kong, na mtoto akakua mule, kwanza chini ya Wajapani wakati wa vita, kisha chini ya Waingereza. Alianza kucheza filme angali mdogo. Shuleni alikuwa mtu wa vita vya barabarani, mpaka akaenda kufundishwa mapigano ya wing chun kwa mwalimu Ip Man. Tena alijua kucheza dansi: mwaka 1958 alishinda mashindano ya cha-cha. Wale wanaofikiri alikuwa mtu wa ngumi tu, waangalie miguu yake vizuri.

Juu ya ugomvi wake na watu wa mtaa, wazazi waliona heri aende mbali. Mwaka 1959 alipanda meli kwenda Marekani na dola kama mia moja mfukoni. Kule Seattle alifanya kazi ya kupelekea watu chakula mezani katika restora, akilala kachumba kadogo kule kule juu. Akasoma, akafungua shule ya mapigano, akaoa Linda mwaka 1964, wakazaa Brandon na Shannon. Toka 1966 mpaka 1967 alicheza kwenye televizyo ya Marekani kama Kato, dereva na msaidizi wa shujaa mwenye maski. Yeye ndiye watu walimtazama, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa yule aliyekuwa akimwendesha. Wachimbaji hawahitaji maelezo hapo.

Mwaka 1970 aliumia mgongo akinyanyua vyuma. Waganga walimwambia pengine hatapiga teke tena. Mwaka uliofuata alirudi Asia, akasaini kandarasi ya filme mbili na Raymond Chow wa kampuni Golden Harvest, kwa dola 15.000 jumla. Ya kwanza ilipigwa Thailand, kwenye mji mdogo wa Pak Chong. Ndiyo ile tunayoiita Big Boss.

Nataka kukaa kidogo kwenye hii Big Boss, juu ni filme ya wafanyakazi. Kijana anatoka kwao kutafuta kazi, anaingia kwenye kiwanda cha barafu pamoja na ndugu zake. Ameahidi mama yake hatapigana tena. Siku moja barafu inapasuka, na vijana wawili wanaona madawa ya kulevya yamefichwa ndani. Wakubwa wanajaribu kuwalipa wanyamaze, wanakataa, wanapotea. Ndugu mwingine anakwenda kwa mwenye kiwanda kuuliza habari zao, naye harudi. Wafanyakazi wanasimamisha kazi. Wanaletewa watu wa kuwapiga, na hapo ndipo kijana wetu anavunja ahadi ya mama. Sasa wakubwa wanafanya nini? Hawamfukuzi. Wanampa cheo! Wanamfanya shefu wa kikundi, wanamwalika kula, wanamjaza pombe, wanamwekea wanawake kando. Na wenzake wanaanza kumtazama kwa jicho lingine.

Hiyo filme iliingia sine za Hong Kong mwisho wa mwaka 1971 na kuvunja rekodi ya mapato. Kisha ikaanza kusafiri, na kila mpaka ulikuwa na mkasi wake. Katika vita vya usiku mule kiwandani, kulikuwa kipande ambapo Bruce anapiga msumeno kwenye kichwa cha adui. Kilikatwa. Katika kopi zilizosambaa duniani kwa miaka mingi hakimo, na wapenzi wa Bruce walikijua kwa foto tu. Vilevile kuna kipande anaingia nyumba ya malaya mbele ya kwenda kumwua mkubwa. Nacho kikapotea katika kopi nyingi. Miziki pia haikupona: kopi ya Kichina ilikuwa na miziki ya Wang Fu-ling, na ile ya Wazungu ikawekewa mingine ya Mjerumani Peter Thomas. Kule Marekani majina yaligongana. Big Boss waliipa jina Fists of Fury. Ile ya pili, sisi tunayoiita La Fureur de vaincre, wakaiita The Chinese Connection, jina lililopangwa kwa ile ya madawa! Mtu alinunua tiketi ya filme moja akaona nyingine.

Ile La Fureur de vaincre ya 1972 ni habari ya Shanghai wakati wa ubeberu, na kibao kwenye lango la bustani kinachofungia mbwa na Wachina. Wazee wetu waliosimama inje ya vitongoji vya Wazungu wakati wa Wabelgiji hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria. Na nikisema Wabelgiji, wao pia walikuwa na mkasi. Toka mwaka 1936 kulikuwa sheria kwamba filme ya kuonyesha Mkongomani lazima ipite kwanza mbele ya komisyo. Mzungu aliona filme nzima, mtu mweusi aliona mabaki. Pamoja na hayo vijana wa Léopoldville ya miaka ya 1950 walivaa kama cowboy na kujiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Mkasi haukuwazuia.

Kisha Bruce akatengeneza La Fureur du dragon, akaiandika na kuiongoza mwenyewe, akapigana na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma. Mle ndani anatumia fimbo mbili zilizofungwa kwa mnyororo, nunchaku. Hiyo fimbo ndiyo iliyomsumbua kule Uingereza hata kisha kifo chake. Mkubwa wa komisyo yao ya filme toka 1975, James Ferman, aliogopa vijana wa mitaani wataiga. Opération Dragon ilikuwa imekwisha kuonyeshwa miaka mingi. Mwaka 1979 wakairudisha mezani na kukata nunchaku. Ikakaa hivyo mpaka mwaka 2001, ndipo Waingereza wakaruhusiwa kuiona nzima. Woga ulifika mahali pa kuchekesha: katika filme moja ya watoto, ile ya kasa wanaopigana, kasa mmoja alizungusha soseji zilizounganishwa kama nunchaku, na soseji zikakatwa.

Nimecheka, lakini nisiseme uongo. Sisi watoto wa Mulongwe tulikata mipini ya fagio, tukafunga na mnyororo wa baisikeli. Mimi nina alama juu ya nyushi la kushoto, na hakuna adui aliyenipiga, nilijipiga mwenyewe. Rafiki yangu alivunjika jino. Basi yule Mwingereza hakuwa mjinga kabisa. Nasema tu aliogopa fimbo, na katika zile filme fimbo si kitu cha kutisha kuliko vyote.

Opération Dragon yenyewe ilitengenezwa na Warner pamoja na Golden Harvest, mwongozaji Robert Clouse, mapema mwaka 1973. Tarehe 10 mwezi wa tano, akiwa studio anaweka sauti kwenye hiyo filme, Bruce alianguka, ubongo umevimba. Walimwokoa. Tarehe 20 mwezi wa saba, ndani ya nyumba ya mchezaji-filme Betty Ting Pei kule Kowloon, alisikia kichwa kinauma, akanywa kidonge, akalala, hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Alikuwa na miaka 32. Watu wakasema sumu, wakasema uchawi, wakasema wenzake wa kung-fu. Mahakama ya uchunguzi kule Hong Kong ikaamua ilikuwa ajali. Maelfu ya watu walijaa barabarani siku ya kumuaga, na mwili ukapelekwa kuzikwa Seattle. Opération Dragon ilitoka mwezi uliofuata, naye hakuiona ikisimama kwenye sine. Hata humo walikuwa wamekata: mwanzoni kuna mazungumzo na mwalimu wake mzee wa Shaolin juu ya adui ambaye ni picha tu, na sura ya kweli imejificha nyuma yake. Wazungu waliyaona hayo maneno kuwa marefu, wakayatoa. Yalirudishwa mwaka 1998.

Na bado. Mwaka 1972 alikuwa ameanza filme nyingine, Le Jeu de la mort, habari ya mnara na kila orofa ina mpiganaji wake. Juu kabisa ni Kareem Abdul-Jabbar wa basket, mtu wa mita 2,18. Aliiacha katikati ili afanye Opération Dragon. Mwaka 1978 wakaikamilisha bila yeye. Katika vile vipande alivyopiga mwenyewe walichukua dakika kama 11 tu, yanayobaki wakaweka watu wa kufanana naye, na miwani mikubwa ya giza. Mahali pamoja walibandika uso wake wa karatasi kwenye kioo. Hadithi ya mnara wakaitupa, wakatunga nyingine. Na waliingiza picha za kweli za maziko yake, sanduku wazi, uso wa marehemu, kama sehemu ya hadithi yao. Komisyo zilizoogopa msumeno na fimbo zilipitisha hiyo. Mimi niliyebeba maiti ya mwenzangu toka ndani ya shimo, hapo ndipo ninageuza uso. Mnara wenyewe tuliuona mwaka 2000 tu, vile vipande vya zamani vilipopatikana na kupangwa karibu na namna alivyotaka mwenyewe.

Sasa nirudi kwetu. Sale yetu ya Mulongwe haikuwa na komisyo, lakini ilikuwa na mkasi, na mkasi wake ulikuwa kidole cha mwenye sale juu ya kibonyezo cha kaseti. Alitaka kuonyesha filme tatu mbele petroli iishe. Basi kila mahali watu wanasema tu bila kupigana, alirusha mbele. Msimulizi wetu, kijana mwenye sauti kubwa, alijaza pengo kwa maneno yake: kwa Big Boss alituambia yote ni juu ya dada aliyenyakuliwa. Dada anakamatwa kweli, lakini ni karibu na mwisho. Waingereza walikata mapigano wakaacha maneno. Uvira ilikata maneno ikaacha mapigano. Miaka yote nilimpenda huyu mtu, na sikuwahi kuona barafu ikipasuka, wala wafanyakazi wakisimamisha kazi, wala ile meza ya chakula.

Niliiona nzima mara ya kwanza kwenye kompyuta, kopi niliyoletewa toka Bujumbura. Nilikaa kimya muda mrefu. Huko kwenye machimbo tunawaita wenye mashimo PDG, na nilikuwa nimekwisha kuona namna PDG anavyofanya na mtu anayesema sana: anamnunulia pikipiki, anamfanya shefu wa zamu, anamwalika mbuzi. Mimi pia nimewahi kualikwa mbuzi. Nilikula.

Basi siku moja ya mapumziko, kambini, tuliomba projekta kwa vijana wa kanisa, tukatundika shuka, tukaonyesha Big Boss bila kurusha kitu. Wachimbaji walikuja, wamama twangeuse pia na watoto mgongoni. Mwanzoni watu walipiga kelele wakitaka ngumi. Ilipofika ile meza, shefu mpya anacheka amelewa na wenzake wanangoja inje habari za ndugu zao, kelele zilipungua. Delege mmoja tuliyemjua wote alisimama kwenda kujisaidia na hakurudi. Mama mmoja akaomba turudishe nyuma ile sehemu, tukairudisha, na wengine wakaomba mara ya tatu.

Kurudisha huko kulikula petroli. Jenereta ilikufa Bruce akiwa ndiyo kwanza anaingia uwanja wa mkubwa kwa vita vya mwisho. Watoto walitupigia mayowe mpaka usiku, na nikipita kambini bado wananidai mwisho wa filme.