Simon Rodia: Fundi wa Minara ya Watts

Aliyekulia katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet anajua mtambo mkuukuu wa kiwanda unavyoishia: hukatwakatwa, hupimwa kwa kilo na kuuzwa kama chuma chakavu. Mtu wa jua kali akiunda jiko kutokana na mabaki hayo, twamwita fundi. Akiunda ndege asiyeweza kupikiwa ugali, twamwita mwendawazimu. Simon Rodia naye aliitwa hivyo na baadhi ya majirani zake.

Rodia alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Ribottoli, kusini mwa Italia, akahamia Marekani angali kijana. Aliishi kwa kazi za kibarua, na baadaye akawa mpanga vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja huko Watts, Los Angeles, na kwa muda wa miaka 33 akajenga humo peke yake, kila atokapo kazini. Alikunja nondo kwa kuziingiza chini ya reli iliyopita karibu na kwake, akazifunga kwa waya na wavu wa chuma, akazikandika saruji, kisha akapachika vigae vilivyovunjika, vipande vya chupa na sahani, na makombe ya baharini. Hakuchomelea chuma wala hakujenga jukwaa. Alijifunga mshipi akapanda. Mnara mrefu zaidi ulifikia takriban mita 30. Watoto wa mtaani walimletea vigae; wengine walivurumisha mawe. Kazi hiyo yote aliipa jina la Kihispania lenye maana ya Mji Wetu, jina ambalo, kwa maoni yangu, lina ukarimu kuliko mji wenyewe ulivyomtendea.

Katikati ya miaka ya 1950 alimpa jirani kiwanja, akaondoka, asirudi. Jiji likaamuru minara ibomolewe kwa madai kuwa ni hatari. Watetezi wake wakadai ijaribiwe kwanza. Tarehe 10 Oktoba 1959 mnara ulivutwa kwa nguvu ya takriban kilo 4,500. Haukuanguka, bali mtambo uliouvuta ndio ulioshindwa. Wahakiki walikuwa wamebishana sana iwapo ile ni sanaa au takataka. Kesi ikaamuliwa kwa kilo, zile zile ambazo kwetu hupimia chakavu.

Rodia alifariki Julai 1965, mjini Martinez, California. Mwezi uliofuata ghasia ziliteketeza majengo mengi ya Watts. Minara haikuguswa.